Siku Tuliyolipita Daraja

Mpaka leo, nikisikia injini ya gari la mbio la zamani, yale ya watu wawili yasiyo na paa, husimama palepale nilipo. Wajukuu wangu hunicheka. Niliwahi kushuka basi kabla ya kituo changu, mzigo kichwani, kwa sababu nililiona moja limeegeshwa nje ya hoteli Mtwara. Picha zake nimekuwa nikizikata kwenye magazeti tangu usichana wangu. Watu hudhani ni jambo la kunifurahisha tu. Lakini mimi sijawahi kulifurahia sawasawa, kwa kuwa najua lilianzia wapi na lilimponza nani.

Lilianzia Nachingwea, wakati Wazungu walipokuja kulima karanga. Walikuja na katapila za kung'oa miti na matrekta yasiyohesabika, na mtu yeyote aliyejua kushika spana alipata kazi. Baba yangu alijua. Alikuwa Mmakua, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, na alipelekwa vitani Burma kama dereva wa malori. Huko alijifunza kufungua injini na kuifunga tena gizani. Mama yangu alikuwa Mmwera wa Naipingo. Wao wawili walizungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha waliyokutana nayo. Mama alirudi kwenye Kimwera pale tu alipokasirika.

Tulikaa Naipingo kwenye shamba la mama, na mwisho wa juma, baba akiwa na zamu karakana, mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ndivyo nilivyoliona lile gari. Mwenyewe alikuwa Mzungu kijana, mpima mashamba, aliyelileta kwa meli kutoka kwao kisha kwa treni mpaka Nachingwea. Lilikuwa la kijani kibichi, limeinama chini kama chui anayenyemelea, magurudumu yana spoki kama ya baiskeli, na boneti ndefu imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Wenzake walimcheka. Kwenye mchanga wetu na udongo wetu mweusi, gari lile lilitembea wiki mbili tu, likazima. Likabaki karakana chini ya turubai.

Baba ndiye aliyeomba kujaribu kulitengeneza. Spea zake hazikuwepo popote, si Lindi, si Dar es Salaam. Alipofungua pampu ya petroli akakuta utando wake wa mpira umepasuka. Alikaa siku kadhaa akifikiri, kisha akachukua koti lake la mvua alilorudi nalo vitani, akakata kipande cha mviringo, akakitoboa matundu, akakifunga. Nilikuwa nimesimama na bakuli la ugali wa muhogo na mlenda alipoliwasha.

Sijui nielezeje. Trekta hunguruma, lori hukohoa. Lile liliimba. Baba aliniona nimeduwaa, akanivuta mkono, akaniwekea kiganja juu ya boneti.

"Sikiliza," alisema. "Umesikia hapo panapochechemea? Ni silinda ya tatu. Ngoja."

Akageuza kitu kidogo kwa bisibisi, na kuchechemea kukaisha. Alinitazama kama mtu aliyefanya mazingaombwe. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine. Wenzangu walizungumza habari za unyago na za kuolewa. Mimi nilizungumza habari za kabureta, na mama akasema baba ananiharibu.

Jumamosi iliyofuata Mzungu alikuja karakana. Alikuwa mtu mpole, sitamsingizia. Alilizunguka gari lake, akampa baba mkono, jambo ambalo Wazungu wengine pale hawakulifanya.

"Peleka mpaka darajani, geuza, rudi," alimwambia baba kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Kama haizimi, kesho mimi naendesha."

"Sawa, bwana."

Alipoondoka kwenda ofisini, baba aliniangalia nikiwa na bakuli langu tupu. Najua uso wangu ulikuwaje.

"Panda," alisema. "Mpaka darajani tu."

Daraja lile la mbao lilikuwa kwenye njia ya Ruangwa. Tulifika mapema kuliko nilivyotaka. Baba akashuka, akafungua boneti, akagusa pampu kwa kidole, akanusa.

"Halivuji," alisema. Akarudi kwenye usukani, akaanza kugeuza.

"Baba," nilisema, "twende mpaka kwa shangazi."

Dada yake baba alikuwa ameolewa Ruangwa.

"Nimeambiwa darajani."

"Nani atajua? Nakuomba, baba. Sitakuomba kitu kingine tena."

Alishika usukani, akatazama ng'ambo ya daraja. Ninaukumbuka mtazamo ule kuliko kelele zote za siku ile. Kisha akacheka, akaingiza gia, na mbao za daraja zikagonga chini yetu.

Ile safari ndiyo mapenzi yangu yote. Vumbi, jua, matuta ya barabara, na chui yule akipanda mlima bila kuchoka. Ushungi wangu ulipeperuka ukaenda zake porini, nami sikumwambia baba asimame. Nilikuwa nacheka kichwa wazi kama kichaa. Ruangwa watu waliacha biashara zao sokoni wakatuzunguka. Wazee walimwamkia baba kama mtu aliyetoka hija. Shangazi alipiga vigelegele, akatukalisha, akatuletea uji, na hatukuweza kumkatalia. Hapo ndipo saa zilipopotea.

Kumbe Mzungu alirudi karakana, akangoja. Alingoja mpaka akaona aibu mbele ya wale waliomcheka, na mmoja wao akamwambia fundi wako ameiba gari. Akaenda polisi.

Tuliwakuta darajani tukirudi, gari la serikali limeziba njia, ofisa mmoja wa Kizungu na askari wawili.

"Cheti cha ruhusa kiko wapi?" aliuliza askari.

"Sikupewa cheti. Nilipewa kwa mdomo," alisema baba.

"Ruhusa ya kufika Ruangwa?"

Baba akazima injini. Walimfunga pingu. Mimi niliambiwa nitembee kwa miguu, nikatembea.

Katika kesi, yule mpima mashamba hakusema uongo hata mmoja. Aliulizwa aliruhusu nini, akasema, "Mpaka darajani." Aliulizwa kama aliruhusu abiria, akasema hapana. Angeweza kuongeza neno moja tu, kwamba fundi huyu ndiye aliyelifufua gari, kwamba kesho angeshukuru. Alitazama kofia yake mapajani.

Kisha hakimu akamuuliza baba kwa nini alipita daraja.

Mimi na mama tulikuwa tumeketi nyuma. Nilijua jibu lilikuwa mimi.

"Nilitaka kulisikia likipanda mlima," alisema baba.

Akapewa miezi sita na kazi ngumu, Lindi.

Mama hakulia. Njia nzima ya kurudi Naipingo alisema maneno yale yale, kwa Kimwera, akiyarudia: mlima, mlima, ametuacha kwa ajili ya mlima. Majirani wakaongeza yao. Walisema alikwenda Ruangwa kujionyesha. Walisema ana mwanamke sokoni. Mama aliniuliza mara moja, ana kwa ana.

"Wewe ulikuwa naye. Kulikuwa na nini huko?"

"Tulikwenda kwa shangazi," nilisema.

"Nani alitaka?"

Nikasema, "Baba."

Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha kesho yake. Kesho yake akaja mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya dada zake na watoto wao. Alisema dada yake hawezi kukaa na mfungwa mpenda sifa. Kabla ya mavuno tulihamia kwake Malolo, mama, mimi na wadogo zangu wawili.

Baba alipofunguliwa alitufuata huko kwa miguu. Alikuwa amekonda, na mikono yake, ambayo ilikuwa myepesi sana, ilikuwa imevimba kwa kuponda mawe. Walimpa kigoda uani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa fito na udongo, nasikia kila kitu.

"Nimekuja kuwachukua," alisema.

"Niambie kwanza ulikwenda kufanya nini Ruangwa," alisema mama.

Alijua niko pale. Aliniona nikiingia ndani alipokuja.

"Nimeshasema mahakamani."

"Mlima."

"Ndiyo."

"Basi nenda ukakae na mlima wako," alisema mama, na mjomba akaja na wazee, na talaka ikatoka wiki ile ile.

Nilikuwa na hatua tano tu mpaka mlangoni. Niliogopa fimbo ya mjomba, na niliogopa zaidi uso wa mama. Hiyo ndiyo sababu yote. Sijapata nyingine bora zaidi kwa miaka yote hii.

Karanga zikashindikana. Wazungu wakaanza kuondoka, na mpima mashamba akaenda kwao bila kuaga mtu. Gari lake halikuwa na wa kulitunza. Koti la baba likapasuka humo ndani kama utando wa kwanza, nadhani, maana halikuwaka tena. Mtu aliyefanya kazi karakana aliniambia katapila ililisukuma shimoni pamoja na matrekta mabovu, wakalifukia. Nililia kwa ajili ya gari hilo siku tatu. Kwa ajili ya baba nilikuwa sijalia bado. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli.

Baba alibaki peke yake nje kidogo ya Nachingwea, akilima muhogo na ufuta. Watu walimletea malori yao, akawarudisha. Alifua majembe na visu kwa vyuma vya springi, lakini injini hakuigusa tena.

Mama alifariki nikiwa tayari na watoto wangu. Baada ya arobaini nilikwenda kwa baba. Nilimkuta akinoa panga. Nilikaa chini mbele yake, nikasema yote: kwamba mimi ndiye niliyeomba, kwamba mama aliniuliza nami nikamtaja yeye.

Aliendelea kunoa. Nilidhani atasema mambo ya zamani yamepita, kama wazee wanavyosema.

"Pale Malolo, nilikaa uani muda mrefu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nakungoja utoke."

"Kwa nini hukusema wewe mwenyewe, baba?"

"Ulikuwa mtoto wangu. Mahakamani lilikuwa langu kulibeba. Kwa mama yako lilikuwa lako." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Amekufa akinidharau, na mimi nilimpenda. Sasa umekuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwepo."

Aliishi miaka miwili mingine. Nilimtembelea kila mwezi, nikimpelekea sukari na majani ya chai. Tulizungumza habari za mvua, za nguruwe waliofukua muhogo wake, za wajukuu zake waliokuwa shule. Alinipokea vizuri kila mara, na kila mara alinisindikiza mpaka njia panda.