Saa ya Mkononi na Njia ya Duara

Naikumbuka vizuri asubuhi ile ya Rwamgasa, Kulwa mwanangu. Nilikuwa kijana, kifua mbele, nikichimba dhahabu na mjomba wangu Masanja. Duara letu, lile shimo tulilochimba kwa mikono, lilikuwa limeanza kutoa mawe mazuri, na mjomba alinikataza kumwambia mtu. Kweli sikumwambia mtu. Ila kila siku, muda uleule, nilibeba kiroba changu kwa njia ileile hadi kwenye karasha la kusagia mawe.

Asubuhi hiyo tulikuta watu wamejaa duarani, wanachimba. Walikuwa wamenifuata nyayo. Tuliondoka mikono mitupu, na mjomba akaniambia, "Mdomo uliufunga, miguu ukaiacha ipige kelele." Aibu ile haijaniisha.

Sasa hiyo saa unayovaa ukikimbia siichukii hata kidogo. Si wewe uliyeninunulia na mimi ya kwangu? Ilionyesha moyo unakwenda mbio nami nimekaa tu nakunywa uji, nikaenda hospitali, presha ikagundulika mapema. Leo natembea asubuhi na jioni, na hatua zangu nazihesabu kwa maringo.

Lakini juzi nilikuwa dukani hapa Bugarama, kijana nisiyemjua akanisalimu, "Shikamoo, Baba Kulwa." Nikaitika marahaba. Akasema, "Leo Kulwa kachelewa kukimbia. Saa kumi na mbili huwa keshatoka mlangoni."

Nikamuuliza kajuaje. Akanionyesha simu yake: programu ya saa yako imeanika mbio zako zote kwa yeyote, mstari umechorwa kutoka mlango wako, ukapita kule kwenye mahindi unakokuwa peke yako, ukarudi mlangoni. Rwamgasa mimi niliporwa mawe tu.

Basi leo, kabla hujafunga viatu, ingia kwenye programu ya hiyo saa, upange ramani yako waione tu uliowachagua mwenyewe. Anza kurekodi ukiwa mbali na nyumbani. Badili njia, badili na muda. Weka neno la siri lisilo tarehe ya kuzaliwa. Mimi niliweka tarehe yangu, usinicheke. Programu ikikuomba ruhusa, soma kwanza, maana mapigo ya moyo wako ni habari zako na daktari wako. Na ukitaka kumpa mtu saa hiyo, futa kila kitu.

Kukimbia usiache. Mungu aijalie miguu yako nguvu, na inakopita tujue Yeye na sisi wa nyumbani tu.