Ng'ombe wa Kuazima Katika Ushirika Wetu

Kisa hiki sijamsimulia mtu yeyote wa kanisa letu, na sababu ni rahisi: wote walikuwepo. Nawasimulia nyinyi ambao hamkuwepo, na mkicheka mcheke polepole, maana hadi leo nikipita dukani Gatitu hakosi mtu wa kuniuliza kama ng'ombe wangu hajambo.

Ushirika wetu hukutana Jumamosi alasiri, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, tunasoma Neno, tunaombea boma la mwenyeji na kila kilichomo, halafu tunakunywa chai. Nimekuwa humo tangu enzi za kukalia magogo, na kila mtu alijua kwamba kiongozi wetu akihamia Nanyuki kwa mwanawe, nafasi ile ni yangu. Halafu akaja Mama Kevo. Ametoka Naro Moru juzi tu (juzi, nawaambia, hata maua ya langoni kwake hayajashika), na tayari watu wanamuuliza yeye tusome sura gani. Nilimwonea wivu, siwafichi, wivu wa kumwangalia mtu akifunga kilemba ukaona hata kilemba kinamkubali yeye kuliko wewe.

Zamu yake ilipofika akatoa ushuhuda kuhusu ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi, jinsi alivyomwomba Mungu akiwa mjane asiye na kitu, na tulipotoka nje kumwombea yule ng'ombe, watu walilia. Mzee Gathogo, mzee wetu wa kanisa, alipangusa macho kwa kofia. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa yangu, na siku hiyo hiyo, baada ya chai, tungechagua kiongozi. Mimi nyumbani nilikuwa na kuku na mbuzi mmoja mwenye kikohozi. Nani atalia kwa ajili ya mbuzi?

Basi nikamwendea jirani yangu Baba Maina, nikamwomba ng'ombe wake kwa alasiri moja tu, nikamwambia nataka aje amalize majani ya nepia yanayoniharibikia shambani (huo ni uongo wa kwanza, ngojeni mwingine). Akamleta mwenyewe, akaenda zake mjini.

Nilipanga nimfunge tu kando ya njia, watu wapite wamwone, nami nisiseme neno. Mtu akiona akaamini mwenyewe, mimi nina kosa gani? Lakini Mzee Gathogo hakupita. Alisimama, akainama kukikagua kiwele, akasema, "Mama Njoki, kumbe umetuficha hii baraka? Hebu tuambie vile Bwana amekutendea."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikamtazama Mama Kevo, naye alikuwa anatabasamu, amenifurahia kwa dhati kabisa, na ile furaha yake ndiyo iliyonimaliza. Nikafungua mdomo. Nikasema nilifunga na kuomba, nikasema niliota ng'ombe akinijia kutoka upande wa mlima, nikasema anaitwa Neema, na kadiri walivyoitikia amina ndivyo nilivyozidi kuongeza chumvi, mpaka nikajikuta nimemwahidi Cucu Wangeci, yule nyanya yetu asiyetoka kitandani, chupa ya maziwa kila jioni. Nililia mimi mwenyewe, machozi kabisa. Wakatuzunguka mimi na ng'ombe, wakafumba macho, na Mzee Gathogo akaanza kuomba (mzee huyu akianza kuomba hakuna wa kumharakisha).

Aliomba mpaka saa ya kukamua ikafika. Mama Maina, ambaye mumewe hakumwambia lolote, akatokea langoni na ndoo mkononi.

"Nimetafuta hii ng'ombe mpaka kwa mto," akasema. "Ati kumbe iko hapa inaombewa? Karembo, kuja."

Neema wangu akageuza kichwa, akaitika, akavuta kamba na kunikanyaga mguu.

Macho yote yakafumbuka. Mama Maina akaniuliza kwa wasiwasi, "Mama Njoki, iko na ugonjwa gani?" Mzee Gathogo bado alikuwa ameinua mkono, hajui aushushe au amalizie sala. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa ni Mama Kevo. Alianzisha wimbo wa shukrani, wengine wakaudaka, makofi yakapigwa, na Mama Maina akaondoka na ng'ombe wake katikati ya kelele hiyo. Mama Kevo akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Twende jikoni tuwekee watu chai. Na hiyo maziwa ya Cucu nitatoa mimi, wewe utakuwa ukimpelekea." Nilimchukia kwa wema huo, Mungu anisamehe.

Kiongozi alichaguliwa bila mpinzani, na hata mimi nilimwinulia mkono.

Kwa hiyo kila jioni nabeba chupa ya Mama Kevo hadi kwa Cucu Wangeci, naye hunywa, hunishika mkono na kusema, "Mwambie Mama Kevo Mungu ambariki." Nami hujibu amina. Nimeapa sitaazima tena hata kijiko. Ila ule wivu haujaisha, nimeuombea peke yangu umekataa kutoka, na kila ninayemweleza katika ushirika kwamba nahitaji mtu wa kuniombea kwa nguvu ananiambia nimwendee Mama Kevo.