Siku Gari la Banza Lilipokohoa Kwenye Reli

Nakumbuka siku tuliyompeleka kaka yangu Banza makaburini ndani ya gari lake mwenyewe. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mtu aliyekula kwa usukani asibebwe na gari la kukodi, na hakuna aliyembishia, maana mama aliyefiwa habishiwi. Lilikuwa kamioneti kuukuu la petroli, lililobeba makaa na unga kati ya Kipushi na Lubumbashi kwa miaka mingi. Muda wote Banza alipougua lilikaa uani kwetu Kampemba likinyeshewa, kuku wakilala chini yake. Asubuhi ile liliwaka, nasi tukashukuru. Nikashika usukani mimi, mdogo wake.

Nyuma, kando ya jeneza, waliketi wanawake. Kati yao alikuwa shangazi Monga, dada ya baba, mwanamke asiye na mtoto, aliyemlea Banza tangu alipoachishwa ziwa. Vijana wa mtaa walitembea mbele na kando, wakiimba na kutania kama wanavyofanya mwenzao anapokufa.

"Banza, leo hautarushia bantu matope!" mmoja alipiga kelele, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Mwanangu, msiba wa kijana una hasira ndani yake. Mzee akifa tunalia. Kijana akifa tunalia, kisha tunatafuta mtu.

Tulipofika kwenye mwinuko wa reli, gari likaanza kukohoa. Puf, puf, puf, kisha pengo. Puf, puf, puf, kisha pengo. Likatetemeka hata jeneza likagonga ubavu wa gari. Nikakanyaga zaidi. Likatetemeka zaidi, likakataa kupanda. Nyimbo zikakatika.

"Banza anakatala!" alisema Dédé, rafiki mkubwa wa kaka. "Hataki kwenda pamoja na mwenye alimuua! Kikulacho kiko mu nguo yako!"

Methali ni nzuri, mwanangu, lakini kinywani mwa mtu mwenye hasira ni jiwe. Macho yote yakaenda nyuma ya gari, yakasimama kwa shangazi. Hakuna aliyemtaja jina. Alikuwa mzee, hana mtoto, na yeye ndiye aliyempikia mgonjwa. Kwa wengi hiyo ilitosha. Wakamwambia ashuke. Akashuka, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Mimi kwa hofu nilikuwa nimeondoa mguu kwenye petroli, na gari likatulia kidogo.

"Munaona? Ameshuka, gari inapumua! Mulozi njo huyu!" Dédé alipiga kelele, akimwita mchawi.

Kwenye reli mawe hayakosekani. Wengine walikuwa wameshainama kuyaokota. Sikujua la kufanya ila kukanyaga tena, ili gari lipande kwa nguvu, tuondoke pale. Hapo mkono ukaingia dirishani ukanishika bega. Alikuwa Mzee Kabamba, tuliyemwita Vié, fundi wa magari wa mtaa wetu, aliyekuwa akitembea nyuma pamoja na wazee.

"Acha kukanyaga," aliniambia. "Gari iko mugonjwa, weye unaipiga fimbo. Fungua kapo." Nikafungua kifuniko cha moteur, yaani injini.

"Vié, hii haiko kazi ya bisibisi," Dédé alisema. "Hii ni mambo ya Banza."

"Banza alikuwa ananiletea hii gari. Kama iko na neno, ataniambia mi wa kwanza. Muniachie kamuda kadogo."

"Bon, sawa," alisema Dédé. "Ikipanda, tunamuacha huyu mama. Ikikatala, musituulize."

Mzee alivua koti lake akampa shangazi. "Mama Monga, unishikie. Simama hapa karibu na mi, koti isipotee." Hivyo shangazi akawa kati ya fundi na gari, na mwenye kutaka kumgusa angepita kwanza kwa mzee.

Kisha akainama. Kwanza aliweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akafumba macho, akahesabu pengo kwa kichwa kama mtu anayefuata wimbo. "Inakosa pahali pamoja tu," alisema. Moteur ile ilikuwa na vyumba vinne vya moto, kila kimoja na buji yake ya kuwashia petroli, na kila buji na waya wake. Alizungusha kitambaa mkononi, akachomoa waya wa kwanza huku gari linanguruma. Gari likayumba, nusura lizime. Akaurudisha. "Huyu anatumika kazi." Akachomoa wa pili; vilevile. Akachomoa wa tatu, na gari halikubadilika hata kidogo.

"Huyu njo amelala," alisema. "Lakini kulala haiko kosa. Tuone nani anamulalisha."

Akaniambia nizime gari, akabadilishana buji ya tatu na ya kwanza. Tukawasha; aliyelala ni yule yule wa tatu. "Buji haina kosa." Akabadilishana nyaya. Yule yule. "Waya haina kosa." Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu. Vijana walikuwa wamesogea kuangalia, na mtu hawezi kuinamia moteur vizuri huku ameshika jiwe. Niliona mmoja akiliweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mwishowe akafungua delko, kile kifuniko cheusi kinachogawa moto kwa kila buji. Akakigeuza juani. Ndani, kuanzia mahali pa waya wa tatu, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa mstari mweusi na unyevu.

"Mvua," alisema. "Moto unatoka muzuri, unafika hapa, unapita mu ufa, unapotea. Njo ile tu."

Alikausha kifuniko, akakwangua ule mstari mweusi kwa wembe. Kisha akawageukia wanawake. "Nani iko na rangi ya kucha?"

Unajua kwamba kwetu mwenye msiba hajipambi. Lakini binamu yangu Mado akapeleka mkono polepole ndani ya kitenge, akatoa kichupa chekundu.

"Weye Mado! Ku kilio?" mwanamke mmoja alimaka.

"Ni ya kilio ikiisha, mama!"

Watu wakacheka, na mama yangu, ambaye hakuwa ametabasamu tangu mwanawe azidiwe, akafunika mdomo kwa mkono. Mzee alipaka ile rangi juu ya ufa ili kuuziba, unyevu usirudi, akakiacha kifuniko juani mpaka kikauka kabisa. Akakirudisha. Nikawasha, na gari likanguruma sawasawa, bila pengo.

Vijana wakapiga kelele za furaha. "Mama Monga, panda!" alisema Dédé, naye alikuwa analia. "Banza amekubali! Hauna kosa!" Nami nilitoka nje nikapiga makofi.

Vié Kabamba alikuwa anafuta mikono. Hakucheka.

"Munafurahi nini?" aliuliza. "Macho yangu imezeeka. Kama singeona ile ufa, mungemuua huyu mama sababu ya macho yangu?"

Akanigeukia mimi. "Na weye, mutoto wake, unapiga makofi?"

Akachukua koti lake mikononi mwa shangazi, akampandisha garini kwa heshima, tukaenda kumzika Banza. Njia nzima hakuna aliyeimba.

Shangazi Monga aliishi kwangu tangu siku ile. Aliwalea wanangu, akawafundisha kupika bukari, ule ugali wetu, isiyo na mabonge, akazeeka mpaka akawa mwepesi kama mtoto. Wiki iliyopita alilala na hakuamka. Gari lililombeba lilikuwa zima, na bado njia yote nilikuwa nasikiliza moteur, nikiogopa pengo. Halikuja. Lakini hata kama lingekuja? Asingekuwa na kosa vilevile.

Sikusoma sana, mwanangu, na sijui kama wafu hukataa safari. Nimezika wengi, sijapata jibu, na sitakudanganya kwamba ninalo. Ninalolijua ni hili. Gari linapokosa, usilikanyage. Sikiliza, kisha jaribu kimoja kimoja, na kila kisicho na kosa ukirudishe mahali pake. Lakini mwanadamu si buji, usimchomoe kwenye watu wake ili uone kama mambo yatatulia. Haki ya mzee asiye na mtoto isingoje fundi apatikane. Isingoje ufa uonekane. Siku utakapowasikia wenzako wakisema "ikipanda tutamwacha", usisubiri kuona kama itapanda. Simama karibu naye kwanza. Mpe koti lako ashike.

Mungu akupe masikio yanayosubiri na mkono mzito kuokota jiwe. Nawe ukizeeka, usikose mtu wa kusimama kati yako na watu wenye uchungu.