Miwani ya Jua Siku ya Posa

Ule mwaka wa macho mekundu ulinikuta nachumbiwa, na mpaka leo mtu akinitajia ugonjwa wa mlipuko huanza kucheka kabla sijajibu. Najua si jambo la kuchekesha. Kuna magonjwa yaliyopita kwetu ambayo hakuna aliyeyacheka, na makaburi yake yako pale pale migombani, tunayapita tukienda kukata majani ya ng'ombe. Lakini huu ulikuja na vituko vyake, ukapita, ukaniachia mume.

Mume mwenyewe alianza na gunia. Wakati huo nilikuwa nashona nguo Pasua, huko chini mjini, kibarazani kwa duka moja, na yeye alikuwa mtu wa Taveta, upande wa Kenya, aliyekuja Mabogini kununua mchele. Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lililombeba likakwama mbele ya cherehani yangu na gunia likapasuka. Akaniomba nimshonee. Nikamwambia hii cherehani ni ya magauni. Akasema basi nimpe sindano atashona mwenyewe, na alishona vibaya mpaka nikamnyang'anya kwa huruma. Wiki iliyofuata gunia jingine likapasuka mahali pale pale. Hapo nikajua kuwa magunia hayapasuki kwa adabu namna hiyo, nikampa kiti akae.

Alipotaka kuleta posa, wote nyumbani walikubali isipokuwa bibi yangu. Nyumbani kwetu ni juu, kwenye kahawa na migomba, na baba alishafariki, kwa hiyo msemaji wa familia ni baba mdogo. Lakini msemaji husema tu. Anayeamua ni bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Bibi hakuwa na neno na kijana. Shida yake ilikuwa ukoo. Kwetu binti hatoki mpaka ukoo anaokwenda umechunguzwa: kama kuna wendawazimu, kama kuna wachawi, kama kuna ugonjwa unaorithiwa, kama wanaume wao hupiga. Huku mlimani kazi hiyo ni nyepesi. Unauliza kanisani, unauliza sokoni, na kabla jua halijazama umeshajua hadi babu yao alikufa na nini. Ila Taveta ni nchi nyingine, nani angetuambia? Baba mdogo alipiga simu kwa mtu anayemfahamu huko, akatuambia ni watu wazuri.

"Simu haina macho," bibi akasema, kisha akanyamaza. Kimya chake kilipaswa kututisha, maana bibi hakunyamaza hivi hivi hata siku moja.

Siku chache baadaye akaaga kwamba anakwenda Himo kumwona daktari wa goti. Alibeba mkungu wa ndizi. Mama akaniuliza ni daktari gani anayepelekewa mkungu, nami nikamjibu labda ni mtu wa kwetu. Bibi alirudi jioni bila mkungu, anaimba. Goti hakulitaja.

Haukupita muda macho yake yakawa mekundu. Alisema ni moshi wa jikoni. Asubuhi iliyofuata kope zilikuwa zimegandana, ikabidi mama amwoshe kwa maji ya uvuguvugu ndipo zifunguke. Halafu akafuata mama mwenyewe, baba mdogo akafuata, kisha mimi, niliyepanda kuja kusaidia. Nilishuka Pasua nikiona nyuzi mbili mbili kwenye tundu la sindano. Mteja mmoja alikuja kupimwa gauni amefumba macho yote, nami nimefumba moja, na gauni lile lilimtosha dada yake.

Baada ya hapo ikawa ni mlima mzima. Kwaya iliimba bila kuona vitabu, na bora wangeviona. Darasani watoto walibaki wachache, wenzao wako nyumbani wanafikicha macho. Padri akatangaza kwamba amani tutapeana kwa kuinamisha kichwa, na mhudumu wa afya akapita barabarani na kipaza sauti: nawa mikono kwa sabuni, usishikane na mtu mkono, usitumie taulo la mwenzako. Redio zilisema ugonjwa ulianzia pwani. Wa Rau walisema umeletwa na wa Dar, wa Himo wakasema umeingia na malori. Mpakani Holili waliweka ndoo za maji na sabuni, na watu walinawa vizuri sana, wale waliopita Holili. Akina mama wa ndizi wanaokwenda soko la Taveta kwa njia za panya hawakukutana na ndoo yoyote.

Wakati huo siku ya posa ilikuwa imeshapangwa na ndizi za mbege, pombe yetu ya kienyeji, zimeshachemshwa. Mama akataka tuahirishe. Bibi akakataa katakata.

"Tukiahirisha watauliza sababu. Wakijua sababu watasema huu ukoo una ugonjwa wa macho. Wewe unafikiri wao hawachunguzi?"

Nilimwunga mkono kwa haraka ya aibu. Nilimtaka yule mwanaume. Nilimtaka kwa namna ya kijinga kabisa, ya kucheka peke yangu nikipiga pasi, na niliogopa kwamba siku ikishasogezwa mara moja itasogezwa tena mpaka ipotee. Kwa hiyo mama akaweka masharti: maji na sabuni getini, hakuna kushikana mikono, na mbege itanywewa kila mtu na kikombe chake. Hili la mwisho lilimuuma bibi. Kwetu mbege ya posa huzunguka kwenye kata moja, kile kibuyu chenye mpini, na anayeikataa kata amemkataa mwenye nyumba. Walibishana hadi mama akashinda, au bibi akajifanya ameshindwa.

Kazi yangu ilikuwa kuficha macho. Nilinunua Pasua miwani ya jua kwa mafungu, bila kuchagua, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unainunua. Baba mdogo akaivaa yake akawa kama mpiga gitaa aliyestaafu. Mama alipata ya dereva wa lori. Iliyobaki ilikuwa ya rangi ya waridi yenye vioo vya umbo la kopa, nayo ikamwangukia bibi. Aliivaa bila kuuliza, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akasema inamkaa.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Mlango wa gari ulifunguka, wakashuka mchumba wangu, mama yake na baba yake mkubwa aliyekuja kama msemaji wao. Wote watatu wamevaa miwani ya jua.

"Wameanza na dharau," baba mdogo akaninong'oneza. "Unakujaje kwa wakwe na miwani?"

"Na wewe?"

"Mimi niko kwangu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Sisi tuliwashukuru moyoni, na kumbe nao walikuwa wanatushukuru sisi. Tuliinamiana vichwa, tukaketi pande mbili za sebule tukitazamana kama watu wanaosubiri kupigwa picha za pasipoti. Mchumba wangu alikuwa mbele yangu na sikuweza kujua kama ananiangalia. Nilikuwa nabana kicheko kwa meno.

Wasemaji wawili wakaanza mambo yao. Baba mkubwa wa Taveta akasema wamepita wakaona ua zuri kwenye bustani hii. Baba mdogo akasema bustani hii ina maua mengi, wanataka lipi. Yalikuwa yanakwenda vizuri sana mpaka bibi aliposimama, akatoka jikoni na kata iliyojaa mbege, akampelekea mama yake mchumba wangu. Mama yangu alifumba macho nyuma ya miwani ya lori. Najua aliyafumba.

"Karibu, mama," bibi akasema. "Huku kwetu tunaanzia hapa."

Yule mama hakuipokea kata. Alibaki ameinua uso, ametega sikio.

"Hii sauti naijua," akasema. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya kuelekea kupona. "Wewe si ndiye mama wa ndizi?"

Kopa mbili za waridi zilikuwa zimemwelekea tu.

"Ni wewe. Ulikuja kwangu siku ya soko, ukasema umetoka Rombo kuuza ndizi na jua limekupiga. Nikakulaza kivulini. Nikalowesha taulo langu nikakupangusa uso. Nikakupa na ugali." Akatugeukia sisi. "Akaniuliza kama watoto wangu wanalala vizuri. Akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu aliwahi kuokota makopo. Akaniuliza marehemu mume wangu alikuwa na hasira za namna gani. Mimi nikafikiri ni mama mpweke anatafuta mazungumzo. Nilimwambia mpaka ugomvi wetu wa shamba."

Baba mkubwa alisimama. "Kwa hiyo tulitumiwa mpelelezi," akasema. "Mtu analishwa, kumbe anatuhesabu."

Hapo kicheko kiliniishia. Baba mkubwa alikuwa tayari anatafuta fimbo yake. Mchumba wangu akasema, "Baba, kaa kwanza," lakini mzee hakukaa. Nikaona gunia langu la mchele linarudi Taveta na halitapasuka tena mbele ya mtu.

Bibi aliweka kata mezani, akatoka nje. Nilidhani anakimbia. Kupitia dirishani nikamwona anakwenda hadi kwenye ua wa masale, ile mimea yenye majani marefu tunayopandia mipaka ya mashamba, akachuma jani moja. Akarudi amelishika kwa mikono miwili. Isale ndilo jani letu la kuomba radhi. Mtu wa kwetu akiletewa isale hana ujanja, hata kama ameibiwa ng'ombe, lazima asamehe. Lakini hawa hawakuwa wa kwetu.

Alisimama mbele ya yule mama, akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Mama yangu alipoona hivyo akavua yake. Baba mdogo naye, na mimi, na mchumba wangu upande wa pili, wa mwisho akiwa baba mkubwa mwenyewe, ambaye jicho moja lilikuwa limevimba likaziba. Sebule nzima, hakuna jicho jeupe.

"Nilikuja kwenu kutafuta ugonjwa wa ukoo," bibi akasema. "Nimeupata."

Sijui nani alianza. Nadhani ni baba mkubwa, maana ndiye aliyekohoa. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujizuia, baba mdogo alicheka ameshika ukuta, na mama, aliyekuwa na hasira kweli kweli na mama mkwe wake, alicheka huku anasema, "Goti. Ati goti."

Yule mama alilipokea jani akaligeuza huku na huku. "Sasa hili kwenu linafanywaje? Kwetu angepewa mbuzi."

"Unalishika tu. Ukishalishika, yameisha."

"Basi nimelishika." Kisha akauliza polepole, "Na baada ya kunichunguza, uliona nini?"

Bibi alifikiri. Ni mara chache nimemwona akitafuta maneno. "Niliona mtu asiyenijua ananipangusa uso na taulo lake mwenyewe," akasema. "Nikarudi naimba. Huyu mtoto nilikuwa nimeshakupa tangu siku ile."

Baba mkubwa alikaa. Mama alileta vikombe vya plastiki, akamgawia kila mtu chake. Ila alipofika kwa wale wawili akakuta wameshaketi benchi moja, kata iko mikononi mwa mama yake mchumba wangu, anakunywa. Mama akafungua mdomo.

"Sisi tulishaambukizana zamani," bibi akamwambia. "Tuache."

Wakaendelea kupokezana, hawa wawili tu, wengine tukiwa na vikombe vyetu. Nikalia. Nililia wazi wazi, kwa furaha na kwa ule woga uliochelewa kutoka. Mchumba wangu akainuka, akavuka sebule, akatoa leso mfukoni na kuisogeza kwenye macho yangu.

Kutoka benchini sauti mbili zikamzuia kwa pamoja, ya Taveta na ya mlimani: "Kila mtu na yake."