Nyundo ya Mwalimu wa Nidhamu

Katika shule ya kutwa niliyofundisha upande wa Kisegi, simu za wanafunzi zilizonaswa zilikuwa na siku yao ya hukumu. Siku ya kufunga muhula tulizipanga juu ya jiwe mbele ya gwaride, na mimi, mwalimu wa nidhamu, nilizivunja kwa nyundo moja baada ya nyingine. Sikuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Vipande vikubwa nilivirudia.

Nilikuwa Mkuria peke yangu pale. Nilitoka Kegonga, na miaka minne baadaye Kidholuo changu kilikuwa bado hakijavuka salamu. Katika ofisi ya walimu mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, yakanoga, yakahamia lugha yao, nami nikabaki na chai yangu, nikicheka wenzangu wakicheka. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa mpweke tu, basi. Nadhani nyundo ile niliipenda kwa sababu siku hiyo angalau kila mtu alinielewa.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya na jambo lake. Kila Ijumaa wanafunzi walete simu zao, tuzitumie masomoni, tena wafundishwe kuishi mtandaoni kwa adabu.

"Hilo somo nakupa wewe, mwalimu," akaniambia akizuia kicheko. "Hapa hakuna mtu ameshika simu nyingi kukushinda."

Ijumaa ya kwanza niliingia Kidato cha Tatu na karatasi zangu. Wanafunzi arobaini na wawili, simu hakuna hata moja. "Hatuna simu, mwalimu," wakasema kwa pamoja, nyuso zao za kanisani kabisa. Mfuko wa mmoja ukalia palepale, na jirani yake akakohoa mpaka ukanyamaza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na siku hiyo nyoka mwenyewe ndiye aliyeshika chaki. Nikachora simu ubaoni, nikafundishia hiyo.

Ijumaa ya pili nikawasomea kanuni ya kwanza: usiharibu wala usifute kilicho cha mwenzako, iwe picha, sauti au maandishi. Msichana wa dawati la nyuma akainua mkono.

"Hiyo ni ya wanafunzi tu, mwalimu, ama hata walimu?"

Hakuwa na ufidhuli. Alitaka kujua kweli, nami nikamkumbuka. Muhula uliopita nilimnasa nyuma ya maktaba, simu sikioni. Niliipokonya nikaisikiliza, nijue ni mvulana gani. Ilikuwa sauti ya mwanamke akiongea Kidholuo bila haraka. Sikuelewa, nikaizima.

Baada ya kipindi nikamwita. Akafungua kitambaa kilichopigwa fundo, na ndani mlikuwa na vipande vya simu yake. Alikuwa ameviokota siku ile, gwaride lilipotawanyika.

"Ni mamangu alikuwa anaongea humo," akasema. "Alinirekodia akiwa hospitali, kabla atuache."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu. Lakini nilikuwa nalia, nikaongea kikwetu. Ukasema shuleni ni Kiswahili ama Kiingereza."

Ni kweli. Nilisema hivyo.

Jumamosi nilivipeleka vile vipande Suna, kwa fundi wa simu. Akavigeuza kwa kibano mpaka akaipata kadi ndogo inayohifadhi sauti. Ilikuwa imepasuka vipande viwili.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Ulikuwa na hasira sana, mzee."

Sikuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma, na nilirudi nalo njia nzima hadi kwenye chumba changu cha kupanga. Sikuwa na wa kumwambia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumatatu nikasimama mbele ya gwaride, kando ya jiwe lile lile, nikaomba radhi. Nyundo nikamrudishia fundi wa madawati aliyeniazima. Ijumaa iliyofuata simu zikaanza kutokea, moja hapa, moja pale, zikawekwa juu ya madawati kwa woga. Mbele ya yule msichana palikuwa na daftari tu.

Kipindi kilipoisha alinisubiri mlangoni. Nikamwambia kwamba kadi ilikuwa imepasuka na sauti haikuweza kuokolewa. Akaitikia kwa kichwa, nadhani alishajua.

"Mwalimu, ni mimi na wewe tu tulimsikia humo," akasema. "Nimeanza kusahau sauti yake. Alikuwa anaongea aje?"

Nikatafuta kichwani. Kati ya maneno yote yale nilikuwa nimelishika moja, kwa sababu wanawake wanaoanika dagaa wa omena karibu na nilipopanga huwaita nalo watoto wao: mwanangu. Nikalisema kwa lugha yake, polepole, nikijaribu kulitoa nilivyolisikia sikioni siku ile.

"Nyathina."

Akafumba macho, akangoja niendelee. Sikuwa na lingine.