Jina la Muuaji wa Dunga

Mwaka wa 1987 Mwalimu Perez Ogola alikuwa mjane wa miaka sita na mwandishi wa riwaya mbili za upelelezi, na mtaani Kaloleni hakuna aliyejua ni kipi kati ya hivyo viwili alichokibeba kwa fahari zaidi. Nguo zake zilipigwa pasi hata siku ya kufua. Kila asubuhi, baada ya chai, aliketi kwenye meza ya kulia chakula, akafungua daftari, akamtia mtu sumu.

"Leo umeua nani, Mwalimu?" jirani yake Metrine alizoea kumwuliza akianika nguo.

"Karani wa bandari. Alijitakia."

Kuua hakukumpa taabu. Taabu ilikuwa majina. Kwa watu wa kabila lake jina si koti la kuazimwa na yeyote. Lina marehemu wake, naye hurudi nyumbani kwa mjukuu atakayeitwa kwalo. Katika kitabu cha kwanza alimpa mwizi wa ng'ombe jina Wepukhulu, akidhani majina ya Wabukusu yako mbali na mlango wake. Hata mwezi haukuisha, Wepukhulu mmoja, mzee wa kanisa, akabisha hodi na mashahidi wawili. Tangu hapo Perez aliweka orodha: watu wa mumewe, watu wa kwao, majirani. Jina lililokuwamo halikuingia kitabuni. Ukoo wa Ogola, alisema, hautachekwa kwa sababu ya kalamu yake.

Riwaya ya tatu ilimhusu mchuuzi wa samaki wa ufuko wa Dunga aliyemuua mumewe kidogo kidogo, kwa uji. Perez alimwita Adoyo. Kurasa zilizopigwa chapa zilikwisha kufika kutoka Nairobi, zisahihishwe na kurudishwa kwa basi la Jumatatu. Na juma hilohilo Agneta, mke wa mwanawe Tom, alijifungua msichana. Mtoto angepewa jina Jumamosi.

Ijumaa akaja Dorca, dada ya marehemu mumewe, ambaye kila mara alikuwa msomaji wa kwanza. Aliketi na kiazi kitamu mkononi, akasoma. Kwenye ukurasa wa nne akaacha kutafuna.

"Mama Tom. Huyu muuaji anaitwa nani?"

"Si umesoma? Adoyo. Nimeangalia orodha, wifi. Hayumo."

Dorca akavua miwani. "Na mama yangu aliitwa nani?"

Perez akaivuta orodha. Mke hatamki jina la mama mkwe wake. Miaka yote ya ndoa yake alimwita Mama. Wengine walimwita kwa jina la ubatizo, Mama Loise, na hata msalaba wa kaburini ulisema Loise tu. Lile jina la kuzaliwa, ulimi wa Perez haukuligusa hata siku moja, na akili ikafuata ulimi. Alipotengeneza ile orodha, mstari wa kwanza aliandika "Mama", akapita. Adabu yake mwenyewe ndiyo iliyompaka tope.

"Kesho mtoto wa Tom anaitwa nani?" Dorca akaendelea.

"Jina hilohilo la Mama."

"Basi chagua, kitabu au mtoto. Mama hawezi kuingia nyumbani kesho, halafu mwakani awe madukani anawatilia watu sumu."

Kuta za Kaloleni si nene. Metrine aliingia bila hodi. "Si umpe muuaji jina lingine? Mwite Beldina."

"Beldina ni mke wa mchungaji," Dorca akamkata.

"Basi Nasimiyu."

"Wabukusu wamekwisha kuja hapa mara moja," Perez alisema. "Inatosha."

"Kweli. Na Nasimiyu ni shangazi yangu, ana mdomo."

Walicheka, Perez hakucheka. Alipitisha kidole kwenye orodha, ukurasa hadi ukurasa. Kila jina lilikuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa, isipokuwa moja. Akachukua kalamu nyekundu.

"Ataitwa Perez."

"Umerogwa? Watu watasema ulimuua kaka yangu!"

"Dishon alifia hospitalini, wewe umeshika mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Mwenye la kusema aje aliseme mbele yangu. Majina ya wengine nimekabidhiwa niyatunze, wifi. Hili ni langu, na mabega ya kubeba lawama linayo."

Dorca akafunua kurasa za mwisho, akasoma. "Na pale mwishoni, anapowapigia polisi magoti akilia?"

"Hapo nitapafuta. Perez hapigi magoti."

Wakakaa watatu mezani. Dorca alitafuta, Metrine alifunua kurasa, Perez alikata na kuandika, mara mia moja na kumi na saba. Kiazi kilipoa.

Jumamosi Dorca ndiye aliyelitamka jina juu ya mtoto, kwa sauti, nyumba nzima ikasikia. Kisha akampa Perez mtoto. Perez alimtazama kichanga yule, akamrekebishia shuka shingoni.

"Karibu nyumbani, Mama," akasema.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Perez alipoteremka Dunga kununua samaki, wachuuzi walipaza sauti toka mbali: "Muuaji huyo! Mwuzieni upesi kabla hajakoroga uji!" Naye akajichagulia samaki wake, ngege, polepole, mmoja mmoja, akifunua mashavu kuona kama bado mekundu, wala hakuna aliyethubutu kumpa samaki wa jana.