Ramadhani Kumi na Nane

Zamani zetu, kabla ya uhuru, mashamba matatu ya miwa huku upande wa Msambweni yalikuwa na timu za kandanda, na wachezaji wakilipwa. Kila mwaka vijana wapya waliandikishwa kwenye daftari, kisha manahodha wakawachagua mmoja mmoja kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyoanza. Kuingia daftarini kulikuwa na masharti. Uwe hujachezea timu nyingine kwa malipo, na uwe umetimiza miaka kumi na minane. Asiye na karatasi ya kuzaliwa alete mtu mzima wa kumshuhudia.

Karatasi tungeitoa wapi? Mimi nilikuwa na mama. Nilikuwa pia na mguu wa kushoto uliojulikana mpaka Ukunda. Sijisifu, waulizeni makipa waliobaki hai. Nilitaka kuchaguliwa kuliko nilivyotaka kula.

Siku ya kuandikishwa mama alijifunga leso mpya, tukaenda kwa miguu. Karani alikuwa kijana wa Taru, Mkristo, mpole wa maneno.

"Shikamoo mama. Huyu ana miaka mingapi?"

"Marahaba mwanangu. Nilimzaa Ramadhani inakwisha. Tangu hapo zimepita Ramadhani kumi na nane, na hii ya juzi imo."

Karani akachovya kalamu. Mimi tayari nilikuwa uwanjani.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Mwaka wenu hapa mwauhesabu kwa mwezi au kwa jua?"

"Kwa jua, mama."

Mama alikuwa mkulima wa mpunga. Kufunga alifuata mwezi, kupanda alifuata jua, na alijua kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Akahesabu kwenye pingili za vidole, taratibu, huku mimi natokwa na jasho.

"Basi bado. Amebakisha miezi sita na ushei."

Karani akaweka kalamu chini.

Njiani nilitembea mbele yake, utovu wa adabu mtupu. "Ungenyamaza tu, mama!"

"Ningenyamaza ungeingia, nami ningekuwa mwongo. Umri ni wako, ulimi ni wangu."

Nilimnunia siku tatu. Wali wake nilikula, lakini kwa kununa.

Mwaka uliofuata, siku ya kuandikishwa ilimkuta mama na homa, hawezi kutembea. Nikaenda peke yangu, roho mkononi. Wenzangu walikuja na wajomba wa kuokoteza, wakiapia umri wa vijana ambao sauti zao bado zilikuwa za kitoto. Zamu yangu ikafika.

"Mama yuko wapi?" karani akauliza.

"Ana homa."

Nikajua nimekwisha. Akanitazama kidogo, akachovya kalamu, akaandika jina langu. Mjomba mmoja nyuma yangu akaja juu: "Mbona huyu hana shahidi?"

"Anaye," karani akajibu bila kuinua macho. "Alikwisha sema mwaka jana. Aliyemzuia mwanawe mwenyewe asiingie hana haja ya kuja mara mbili."

Alasiri nilichaguliwa wa pili. Nilirudi nyumbani mbio, kifua mbele, nikamkuta mama amelala kitandani, nikamwambia maneno ya karani kabla ya kumwambia kuwa nimechaguliwa.